Shubiri Moja ya Udongo: Tuliyojifunza Sigalagala



Wasomaji wetu wapenzi, wengi wetu tuliolelewa huku pwani tunaufahamu udongo kwa mambo machache. Tunatayamamu kwao maji yanapokosekana, tunawakanya watoto wasiuchezee wakiwa na kanzu za Ijumaa, na ndani yake tunawalaza wapendwa wetu siku ya mwisho wao. Ni nadra kukaa tukaufikiria kuwa ni kitu kinachoishi, kinachokula, kinachougua na kinachoweza kupona. Wiki hii tumeona tuwaletee habari ya shamba moja dogo lililo mbali na bahari, na ya mama mmoja wa kwetu aliyelazimika kuujua udongo uzeeni.

Shamba hilo liko Sigalagala, katika kaunti ya Kakamega, kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda mji wa Kakamega. Wengi hulijua jina la Sigalagala kwa sababu ya chuo chake cha ufundi, ambako vijana kutoka kila pembe ya Kenya huenda kusoma. Mwenyeji wetu hakwenda huko kusoma. Alizaliwa Mombasa, akaolewa na kijana wa Kiidakho aliyekuwa akifanya kazi bandarini, na mumewe alipostaafu wakarudi pamoja kwenye ardhi ya wazee wake. Mumewe sasa ni marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mama huyu ameomba tusimtaje jina, nasi tutamwita Bi. Mkubwa, kama tulivyomwita tulipoketi barazani kwake.

Mwaka ambao zaka haikutoka

Tulipomwuliza aligundua lini kwamba shamba lake limeharibika, hatukutarajia jibu alilotupa. Hakuzungumzia rangi ya majani wala wadudu.

"Wanangu," alisema, "mimi nilijua mwaka ule zaka haikutoka."

Kama tunavyofahamu, nafaka inayoliwa na kuwekwa akiba ina zaka yake. Kiwango cha chini ni wasaki tano, ambazo wengi wa wanazuoni wa leo hukadiria kuwa karibu kilo 650, yaani magunia saba na kitu ya kilo 90. Mazao yanayonyeshewa na mvua hutolewa sehemu moja ya kumi. Yanayomwagiliwa kwa gharama hutolewa nusu ya hiyo. Bi. Mkubwa hupanda mahindi kwenye robo tatu ya ekari, msimu wa mvua za masika. Miaka ya mwanzo alikuwa akivuna magunia kumi na moja, na zaka yake ilikuwa ikiwafikia majirani wasiojiweza kabla hata ya mahindi kuingia ghalani. Kisha yakawa tisa, kisha saba kamili. Hapo alipima tena na tena kwa gorogoro, akitumaini kwamba amekosea hesabu. Mwaka uliofuata yakawa manne.

"Kutoa nilikuwa nimekuzoea," alituambia. "Siku niliyokuwa sitakiwi kutoa niliona kama nimeondolewa mlangoni."

Wapo waliomwambia kuwa ni hasadi. Wapo waliomshauri aongeze mbolea ya kupandia, naye akaongeza, akakopa ili aongeze, na mahindi yakabaki mafupi na mizizi imejikunja kama vidole vyenye baridi yabisi. Hatimaye bibi shamba mmoja aliyekuwa akipita kijijini humo akamwuliza swali ambalo hakuwahi kuulizwa: "Mama, udongo wako umewahi kupimwa?"

Udongo ni nini hasa?

Kabla ya kusimulia majibu ya kipimo, inatupasa tusimame kidogo. Mtu akichota udongo mzuri wa shamba na kuutenga sehemu zake, atakuta kwamba takriban asilimia 45 ni chembe za mawe yaliyosagika, asilimia 25 ni maji, asilimia 25 ni hewa, na asilimia 5 au pungufu ni mabaki ya viumbe: majani, mizizi, kinyesi na miili ya wadudu, vikiwa katika hatua mbalimbali za kuoza. Hii sehemu ndogo ya mwisho ndiyo tunayoiita mboji, na ndiyo inayoupa udongo rangi ya giza na harufu ile ya mvua ya kwanza.

Chembe za mawe ziko za aina tatu kwa ukubwa wake. Kubwa kabisa ni mchanga, ambao hupitisha maji upesi na haushiki chakula cha mimea. Ndogo kabisa ni mfinyanzi, unaoshika maji na chakula lakini hunata na kukakamaa. Kati yake kuna vumbi laini la mto, na mchanganyiko mzuri wa zote tatu ndio udongo tifutifu. Si mbali na Sigalagala, wanawake wa Ilesi wanajulikana kwa ufinyanzi wa vyungu, nao hutambua udongo wa kazi yao kwa kuuviringisha kati ya vidole. Wataalamu wa udongo nao hufanya vivyo hivyo shambani: udongo ukivutika kama utepe mrefu bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi, ukimomonyoka papo hapo, ni mchanga.

Lakini ndani ya chembe hizo kuna mji mzima. Gramu moja ya udongo wenye afya, kiasi cha kutosha ncha ya kijiko, inaweza kuwa na bakteria hata bilioni moja, pamoja na nyuzi za kuvu zisizoonekana kwa macho. Nyungunyungu huchimba njia za hewa na maji. Bakteria walioko kwenye vinundu vya mizizi ya kunde na maharagwe huichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kuvu hujifunga kwenye mizizi na kuileta fosforasi kutoka mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki. Hakuna kati ya hao anayelipwa, na wote wakiondoka mkulima hana mfuko wa mbolea utakaoweza kufanya kazi yao yote.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hukadiria kwamba asilimia 95 ya chakula cha binadamu hutoka kwenye udongo, moja kwa moja au kwa kupitia mifugo. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika katika tabaka la juu, la kina cha sentimita ishirini hivi. Nyoosha kiganja chako, mpendwa msomaji, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Ni shubiri moja tu, na sentimita moja ya tabaka hilo huweza kuchukua mamia ya miaka kujiumba.

Kwa nini shamba liliugua

Bi. Mkubwa alichukua udongo wake kama alivyoelekezwa. Alitembea shambani kwa kwenda mbele na kurudi kama mshono wa zigizaga, akachimba mahali kumi na tano kwa kina cha shubiri, akaepuka palipokuwa na zizi na kichuguu, akachanganya yote katika ndoo safi, akaanika kivulini, akafunga nusu kilo na kuipeleka ipimwe. Majibu yalisema kwamba uchachu wa udongo, ambao wakulima wengi huuita asidi, ulikuwa kwenye kipimo cha 4.9.

Kipimo hiki huenda kutoka 0 hadi 14. Namba 7 ndiyo ya katikati, na kila namba moja kushuka maana yake ni uchachu mara kumi zaidi. Mahindi hupenda kukaa kati ya 5.5 na 7. Ukishuka chini ya 5.5, madini ya aluminiamu, ambayo kwa kawaida yamefungika ndani ya udongo bila madhara, huyeyuka na kuzichoma ncha za mizizi. Mzizi uliochomwa hauendi chini kutafuta maji, wala hauwezi kunywa fosforasi. Isitoshe, katika udongo mwekundu wa aina ile, chuma na aluminiamu huishika fosforasi ya mbolea na kuifungia. Ndiyo maana mama huyu alikuwa akinunua mbolea ambayo mahindi yake hayakuionja.

Uchachu huo ulitoka wapi? Sababu ya kwanza ni mvua. Kakamega ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi sana nchini Kenya, na kwa maelfu ya miaka maji hayo yamekuwa yakiziosha kalisi na magnesiamu na kuzipeleka chini, yakiacha chuma na aluminiamu. Rangi nyekundu ya ardhi ile ni rangi ya kutu ya chuma.

Sababu ya pili ni mavuno yenyewe. Kila gunia linalotoka shambani linaondoka na sehemu ya chumvi hizo, na mabua yakitolewa kwenda kuwa kuni au chakula cha ng'ombe, huondoka na zilizosalia.

Sababu ya tatu ni aina ya mbolea. Mbolea ya kupandia ya DAP, ambayo imetumika magharibi mwa Kenya kwa miaka mingi, ina naitrojeni katika hali ya amonia. Bakteria wa udongoni wanapoigeuza ili mmea uweze kuitumia, huachia asidi. Kwa msimu mmoja haidhuru. Kwa misimu ishirini mfululizo, katika udongo ambao tayari ni mchachu, bila kurudisha chokaa wala samadi, inadhuru. Hatusemi kwamba mbolea ya dukani ni sumu. Wapo wengi ambao bila hiyo wasingevuna kitu. Tunasema kwamba ni sawa na dawa ya hospitali: yafaa ijulikane kwanza mgonjwa anaugua nini.

Sababu ya nne inaonekana kwa macho kutoka kwenye vilima vya upande wa mashariki, ulipo Msitu wa Kakamega. Msitu huo ni kipande cha mwisho, kwa upande wa mashariki, cha ule ukanda mkubwa wa misitu ya mvua uliotandaa kutoka Afrika Magharibi kupitia Kongo. Mgeni akiuona ulivyostawi hudhani kwamba udongo wake una rutuba isiyokwisha. Kumbe msitu unaishi kwa kujilisha wenyewe: jani linaanguka, linaoza, na mizizi inalinywa kabla mvua haijaliosha. Miti ikikatwa na mahindi yakapandwa, miaka michache ya mwanzo huwa ya neema, kwa sababu mkulima anakula akiba ya mboji iliyowekwa na msitu. Baada ya hapo akiba huanza kupungua, na hupungua kwa kasi kubwa zaidi katika miaka hiyo hiyo ya neema, wakati ambapo hakuna anayeshuku.

Tiba na subira

Dawa ya kwanza iliyoandikwa ilikuwa chokaa ya shambani. Si chokaa ya kupaka ukuta. Ni jiwe la chokaa lililosagwa likawa unga. Bi. Mkubwa aliitawanya wiki kadhaa kabla ya kupanda na kuichanganya na udongo kwa jembe, kwa maana chokaa inahitaji unyevu na muda ili ifanye kazi, na haitakiwi kuwekwa shimoni pamoja na mbegu. Chokaa huufunga ule uchachu, aluminiamu hurudi kifungoni, na fosforasi huanza kupatikana.

Ya pili ilikuwa kurudisha mboji. Mabua hayatoki tena shambani. Hulazwa kati ya mistari yakaoza. Samadi ya ng'ombe wake mmoja hufunikwa kwa majani ya migomba isipigwe na jua na mvua, maana samadi iliyoachwa wazi hupoteza naitrojeni yake hewani. Kwenye ua wa shamba kulikuwa na alizeti pori, mmea wenye maua ya njano unaoota kando ya barabara nyingi za magharibi mwa Kenya. Asili yake ni Mexico. Watafiti waliofanya kazi katika eneo hilo miaka ya 1990 walionyesha kwamba majani yake mabichi yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa wingi, na yakifukiwa udongoni huoza haraka. Tatizo lake ni kazi: majani ni mazito na kuyabeba kunachosha. Bi. Mkubwa huyatumia kwenye bustani ya mboga tu, karibu na jikoni.

Ya tatu ilikuwa kubadilisha mazao. Msimu wa mvua za vuli shamba halipandwi mahindi. Hupandwa maharagwe, kunde na mitoo, ile mboga chungu kidogo inayopendwa sana huko, ambayo nayo ni ya jamii ya kunde na huacha naitrojeni ardhini. Kwa hiyo familia inakula mboga na udongo unakula pia.

Ya nne tuliiona shambani kwa jirani yake, ambaye amesumbuliwa na kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na ambalo wengine huliita gugu-chawi. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na hulala ardhini miaka mingi. Jirani huyo hufuata njia ya sukuma-vuta, iliyobuniwa miaka ya 1990 na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, pamoja na washirika wake. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea unaotambaa, ambao harufu yake huwafukuza nondo wa viwavi watobozi, na mizizi yake hutoa kemikali zinazofanya mbegu za kiduha zichipue bure na kufa. Pembeni hupandwa mabingobingo, nyasi zinazowavuta nondo hao watagie huko. Mwisho wa yote, desmodiamu na mabingobingo ni chakula cha ng'ombe, na ng'ombe ni samadi.

Mwaka wa kwanza baada ya chokaa, mama alivuna magunia matano. Majirani hawakuona la ajabu. Mwaka wa pili yalikuwa sita na nusu. Mwaka wa tatu yalifika saba na nusu, kilo 675. Alituonyesha daftari la shule la mjukuu wake, alipoandika kwa kalamu nyekundu hesabu ya zaka: kilo 67.5. Chini yake ameandika neno moja tu, alhamdulillah.

Kilicho chini na kilicho juu

Yote hayo huenda yasingetimia, kwa sababu mwaka ule wa magunia manne mwanawe mmoja alikuja na shauri jingine. Eneo hilo lina dhahabu. Habari za dhahabu ya Kakamega zilienea mwaka 1931, wachimbaji wa Kizungu wakamiminika, na mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha sheria ya ardhi za wenyeji ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa ajili ya madini bila wenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, lakini wachimbaji wadogo wadogo wanaendelea hadi leo katika vijiji vya Ikolomani. Kijana alikuwa amepata watu wa kukodi nusu ya shamba lao wachimbe mashimo. Fedha zao zilikuwa za mkononi.

Hatuwezi kumlaumu kijana. Magunia manne hayasomeshi mtoto. Wala hatuwadharau wachimbaji, ambao wengi wao ni kina mama wanaoosha mchanga kutwa kucha wapate riziki ya halali. Lakini ni vizuri ijulikane kinachotokea. Shimo linapochimbwa, ule udongo wa chini usio na mboji wala viumbe humwagwa juu ya shubiri ile yenye uhai, na kuifukia. Zebaki inayotumika kukamata chembe za dhahabu huingia kwenye udongo na mito, kisha kwa samaki, na madhara yake huwa makubwa zaidi kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni, kwa kuwa hushambulia ubongo unaojiumba. Dhahabu hutoka mara moja. Shimo hubaki.

Bi. Mkubwa aliwaita wanawe wote watano, wa kiume watatu na wa kike wawili, akawapigia hesabu ya mirathi. Ardhi ya baba yao ni ekari mbili. Fungu lake yeye, akiwa mjane mwenye watoto, ni thumuni, yaani robo ekari. Inayobaki ni ekari moja na robo tatu, igawanywe mafungu manane: kila mwana wa kiume mafungu mawili, kila binti fungu moja. Mwana atapata chini kidogo ya nusu ekari. Binti atapata chini ya robo.

"Nikawauliza," alisema, "robo ekari ya shimo ni urithi wa nini? Na robo ekari ya udongo uliokufa, tofauti yake na shimo ni ipi?"

Warithi wote waliridhia kwamba kwa sasa ardhi isigawanywe wala isichimbwe, na kwamba wataipa miaka mitatu. Mabinti wawili ndio waliochanga fedha ya chokaa. Yule kijana hakufurahi, na mama hakutuficha kwamba kwa muda mrefu alikuwa hapigi simu. Mwezi wa Agosti wa mavuno ya mwaka wa tatu alikuja, akabeba magunia mgongoni kutoka shambani hadi ghalani, akala, akaondoka bila kulizungumzia jambo lile. Wiki iliyofuata aliuliza bei ya mfuko wa chokaa.

Na sisi wa pwani?

Msomaji wa Kilifi, Lamu au Kwale asikimbilie kununua chokaa. Udongo wetu unaugua maradhi mengine. Sehemu kubwa ya mwambao imekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo yenyewe ni chokaa, au juu ya mchanga usioshika maji. Bi. Mkubwa alitufundisha jaribio aliloanza kulifanya kila anaporudi Mombasa kusalimia: dondoshea siki juu ya udongo mkavu. Ukiwa umechanganyika na matumbawe, utatoa povu. Ule wa Sigalagala hunyamaza. Jaribio hili halipimi uchachu, lakini linatosha kutuonyesha kwamba udongo unaotoa povu hauhitaji chokaa, wala hautakiwi kumwagiwa majivu mengi ya jikoni, ambayo nayo huupandisha uelekee huko huko.

Tunachokosa sisi zaidi ni mboji. Maganda ya ndizi na mihogo, machicha ya nazi, majani ya chai na takataka za mboga ni chakula cha udongo ambacho kila siku tunakifunga katika mifuko na kukitupa. Rundo dogo nyuma ya nyumba, lenye vitu vibichi na vikavu kwa zamu, likinyunyiziwa maji na kugeuzwa kila baada ya wiki mbili, litakuwa mboji baada ya miezi michache. Makumbi ya nazi yakitandazwa chini ya mmea huzuia jua lisiukaushe udongo. Asiye na kiwanja anaweza kupanda mchicha na sukuma wiki katika gunia mlangoni.

Atakayesema kwamba udongo wa kwetu hautengenezeki, na aende Bamburi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo cha nchi za joto, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa jangwa la matumbawe bila hata kiganja cha udongo. Mvinje ndio uliostahimili, kwa msaada wa bakteria wa mizizini wanaoivuta naitrojeni ya hewani. Lakini majani yake yalikuwa makavu na hayakuoza. Kilichotatua tatizo hilo ni jongoo, yule yule mwekundu wa miguu tunayemfagia nje ya nyumba msimu wa mvua. Waliachiliwa kwa mamia, wakayala majani, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji. Leo watoto wetu hutembea huko chini ya kivuli cha msitu na kuwalisha twiga. Basi tutakapomwona jongoo uani, tumwache apite; ana kazi.

Neno la mwisho

Tulipokuwa tukiaga Sigalagala, mvua ya alasiri ilikuwa imekwisha, na maji mekundu yalikuwa yakiteremka barabarani kutoka mashamba ya juu. Bi. Mkubwa aliyatazama akatikisa kichwa. Kwenye ukingo wa shamba lake kuna mistari mitatu ya mabingobingo iliyopandwa kukingama mteremko, na maji yaliyotoka upande wa pili wa mistari hiyo yalikuwa karibu meupe. Alituomba tuinge hapo tukachungulie, kisha akachota udongo kwa mkono wake wa kulia, akauminya, akaufungua. Ulishikana kama unga wa mkate, na nyungunyungu mmoja alikuwa akijikunja ndani yake.

"Huyu alikuwa amehama," alisema, akamrudisha chini.

Tunawaachia wasomaji wetu kazi moja ndogo ya nyumbani wiki hii. Chukueni chupa angavu, tieni udongo wa uani kwako hadi theluthi, jazeni maji, tikiseni kwa nguvu pamoja na watoto, kisha iacheni dirishani. Mchanga utatua kwa dakika moja, vumbi laini kwa saa chache, na mfinyanzi baada ya siku nzima au zaidi. Vipande vya mboji vitaelea juu. Waulizeni watoto ni tabaka gani nene zaidi, na kama kuna chochote kinachoelea. Ikiwa hakuna, mtajua wapi pa kuanzia.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waangalizi wema wa amana hii, na atubarikie katika mazao yetu yawe machache au mengi. Tukutane wiki ijayo, inshallah.

Wabillahi tawfiq.